Kiota, Mahali Kilipo na Utitiri Uliomo

Kiota cha ndege huelezwa mara nyingi kuwa ni nyumba ya mayai na makinda, na maelezo hayo ni sahihi, lakini wataalamu wa elimu ya wanyama wanapokifumua kiota kilichokwisha kuhamwa na kukichambua unyasi kwa unyasi juu ya karatasi nyeupe, hukuta ndani yake kijiji kizima cha viumbe wadogo, ambao baadhi yao hula vumbi la manyoya na mavi makavu, baadhi huwinda wenzao, na baadhi hunyonya damu ya makinda wakati wa usiku. Hao wanyonyaji ndio wanaoitwa vimelea, yaani viumbe wanaojipatia riziki mwilini mwa kiumbe mwingine na kumdhuru, na yule anayenyonywa huitwa mwenyeji. Mazungumzo haya yanahusu jambo moja katika habari hiyo ndefu, nalo ni jinsi mahali kilipojengwa kiota, pamoja na joto, unyevu, umri na majirani wake, panavyoamua ni vimelea gani vitakavyostawi humo na kwa wingi gani, kwa sababu viota viwili vya ndege wa aina moja, vilivyojengwa katika msimu mmoja, huweza kutofautiana hata kimoja kikatoa makinda wanene na kingine kikatoa mizoga.

Ni lazima kwanza kuyatenga makundi mawili ya vimelea hivyo. Chawa wa ndege huzaliwa, hula na hufa juu ya mwili wa ndege, ambako joto halibadiliki sana, kwa hiyo kwao si jambo kubwa kama ndege huyo analala juu ya tawi au ndani ya shimo. Utitiri, viroboto, kunguni, papasi na funza wa nzi wanyonya damu wana maisha mengine kabisa: wengi wao humfuata ndege kwa muda mfupi tu wa kula, kisha hurudi kwenye nyasi, kwenye udongo au kwenye ufa wa ukuta, ambako hutaga, hukua na kungoja. Mdudu anayetumia sehemu kubwa ya umri wake nje ya mwili wa mwenyeji hutawaliwa zaidi na hali ya hewa ya maficho yake kuliko na ndege mwenyewe, na hoja hii ndiyo inayosahauliwa na mfugaji anayemshika kuku, akampaka dawa, kisha akamrudisha palepale alipotoka.

Mfano ulio karibu zaidi ni utitiri mwekundu wa kuku, ambao wanasayansi huuita Dermanyssus gallinae, na ambao huwashambulia pia njiwa, shomoro na ndege wengi wa porini. Mdudu mmoja kwa kawaida hafikii urefu wa milimita 1. Akiwa na njaa huwa wa rangi ya kijivu, na akishiba damu hugeuka mwekundu. Kwa hiyo mtu anayepitisha kidole asubuhi chini ya ufito wa kichanja, au kwenye ukingo wa tenga la kutagia, na kukiona kidole hicho kimepakwa michirizi myembamba ya damu, amekwisha kupata ushahidi wake, hata kama kuku mwenyewe akikaguliwa mchana hataonekana kuwa na mdudu hata mmoja. Mchana utitiri huo hujibana kwenye nyufa, na giza likiingia hutoka, hunyonya, na kurudi kujificha. Panapokuwa na joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi pamoja na unyevuanga mwingi, yaani wingi wa mvuke wa maji ulio hewani, yai la utitiri huweza kuwa mdudu mpevu kwa muda wa siku 7 hadi 10. Kuku huatamia kwa siku 21. Kwa hesabu hiyo, vizazi viwili, pengine hata vitatu, vya utitiri huweza kupita chini ya kuku mmoja kabla kifaranga wa kwanza hajatoboa ganda, na kwa vile mdudu huyu huweza kukaa miezi mingi bila kula, wale waliobaki ufani huwa tayari kumpokea kuku atakayefuata.

Viroboto wana masharti mengine. Kiroboto aitwaye Ceratophyllus gallinae, ambaye ni wa kawaida sana katika viota vya Ulaya, hutaga kiotani, na mayai yake huangua lava, yaani wadudu wachanga wembamba wasio na miguu, ambao hula uchafu wa kiota pamoja na chembe za damu iliyokauka ambayo viroboto wapevu huitoa kama kinyesi. Ngozi ya lava ni nyembamba na hupoteza maji upesi, hivyo ukavu uliokithiri huwaua, na kuloweshwa na mvua hadi nyasi zikaota ukungu nako hakuwafai. Wanachokihitaji ni unyevu wa wastani, kama ule ambao makinda wenyewe huutoa kwa pumzi na kinyesi katika shimo lililozibwa pande zote. Lava akishakomaa hujisokotea kifukofuko na kutulia humo, hata kwa majira yote ya baridi, mpaka joto la machipuko na mtikisiko wa ndege anayeingia vimjulishe kwamba mwenyeji amerudi.

Hapo ndipo shimo la mti, tundu la ukuta au kisanduku kilichotundikwa na binadamu kinapoonyesha faida na hasara zake kwa pamoja. Nyoka, kenge na kunguru hulifikia shimo kwa shida kuliko wanavyokifikia kiota kilicho wazi tawini, na makinda humo husalimika na upepo na mvua. Lakini kuta zilezile huhifadhi joto na unyevu wanaoutaka vimelea, na nyufa zake huwapa maficho yasiyofikiwa na jua. Usalama wa shimo hulipiwa kwa damu, na ndege anayelichagua amefanya biashara ambayo katika miaka mingine humletea faida na katika miaka mingine humletea hasara.

Upande wa pili yuko mnana, yule ndege wa manjano anayesuka viota vinavyoning'inia kwenye minazi na miti ya kandokando ya maji katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Dume husuka kwa majani mabichi, na watafiti Nicholas Collias na Elsie Collias, ambao waliuchunguza ususi huo kwa miaka mingi, walieleza kwamba jike hukipendelea kiota cha kijani na hukikataa kilichokwisha kugeuka kahawia, na dume aliyekataliwa hukifumua kile cha zamani na kusuka kingine mahali pake. Sababu ya jike si lazima iwe utitiri, kwani ukindu mbichi ni imara na hupinda bila kukatika, na mayai yataning'inia hapo juu ya maji kwa siku nyingi. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mayai huwekwa katika nyumba mpya inayopitisha hewa, isiyokuwa na urithi wowote wa msimu uliopita.

Kuhusu joto, kazi moja ya Kanada inastahili kutajwa kwa sababu iliyapima mambo badala ya kuyakisia. Mwaka 2005 Russell Dawson na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo walivitia joto viota vya aina fulani ya mbayuwayu wanaozaa ndani ya mashimo na visanduku, ambao makinda wao hushambuliwa na funza wa nzi wa jamii ya Protocalliphora; funza hao hujificha kwenye nyasi za kiota na kuwajia makinda kunyonya. Ilionekana kwamba joto na wingi wa funza haviendi kwa mstari mmoja ulionyooka: funza walikuwa wengi zaidi kwenye joto la wastani la nyuzi 25 hivi, na walikuwa wachache mahali palipokuwa baridi zaidi au moto zaidi ya hapo. Maana yake ni kwamba kisanduku kikielekezwa upande wa jua la asubuhi au kikiwekwa kwenye kivuli kizito, anayekitundika amekwisha kuamua jambo kuhusu funza, ajue asijue.

Hakuna mahali ambapo habari hii imechunguzwa kwa subira kama katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, ambako Charles Brown na Mary Bomberger Brown walianza mwaka 1982 kuwafuatilia mbayuwayu wa majabali. Ndege hawa hujenga kwa tope viota vyenye umbo la kibuyu, vikiwa vimebanana ukuta kwa ukuta chini ya majabali, madaraja na makalvati ya barabara, na koloni moja, yaani kundi la ndege wanaozaa pamoja, huweza kuwa na viota vichache tu au kufikia maelfu. Kimelea chao kikubwa ni mdudu wa ukoo uleule wa kunguni wa vitandani, anayekaa kwenye viota hivyo vya udongo na kwenye nyufa za jiwe lililo nyuma yake, na ambaye huweza kuishi katika kiota kitupu kwa misimu kadhaa. Machipuko yanapofika, kunguni hao wenye njaa hujikusanya kwenye midomo ya viota vya zamani, na ndege akitua kukagua nyumba hudandiwa miguuni na kuwabeba mpaka koloni jingine.

Watafiti hao walifukiza dawa baadhi ya viota na kuviacha vingine kama vilivyokuwa, kisha wakawapima makinda. Katika makala yao ya mwaka 1986 walionyesha kwamba katika makoloni makubwa kunguni walimpunguzia kinda uzito kwa kiasi kilichofikia gramu 3.4, na walipunguza kusalimika kwa makinda kwa kiasi kilichofikia asilimia 50, ilhali katika makoloni madogo madhara hayo hayakuonekana kwa kiwango cha kuhesabika. Gramu 3.4 zaweza kudharauliwa na mtu aliyezoea kupima kwa kilo, lakini mbayuwayu huyu akiwa mzima huwa na uzito wa gramu ishirini na kitu, na kinda aliyepungukiwa kiasi hicho anapokaribia kuruka hana akiba ya kumvusha hata siku mbili za mvua zisizokuwa na wadudu wa kula. La kuzingatia zaidi ni kwamba ndege wenyewe wanalijua jambo hili kwa namna yao: kabla ya kukaa, huvikagua viota vya zamani, huviacha vilivyojaa kunguni, na mahali ambapo vyote vimejaa huona afadhali kubeba tope mdomoni mara mamia na kujenga upya kuliko kurithi nyumba iliyo tayari.

Umri wa kiota, basi, ni jambo zito, na kwa maoni ya mwandishi wa mazungumzo haya ndilo zito kuliko yote yaliyokwisha kutajwa. Mwaka 1989 Anders Pape Møller aliwatahadharisha watafiti wenzake kwamba wengi wao huwachunguza ndege katika visanduku ambavyo husafishwa kila mwaka kwa kuondolewa nyasi za zamani, na kwa kufanya hivyo huwa wameviondoa pia vimelea vilivyokuwa vikingoja humo, hivyo picha wanayoipata ya maisha ya ndege ni safi kuliko ile iliyomo katika mashimo ya miti, ambayo hayafagiliwi na mtu. Tahadhari hiyo ina upande wake wa pili, nao hautajwi mara nyingi. Katika nyasi za zamani hukaa pia adui wa vimelea, kama vile nyigu mdogo sana wa jenasi ya Nasonia, anayetoboa ganda la nzi aliye katika hatua ya kugeuka kutoka funza na kutaga ndani yake, ili watoto wake wamle nzi huyo kabla hajaruka. Na kwa hiyo anayetupa nyasi zote hutupa adui pamoja na mlinzi.

Unyevu wa mahali nao umeonyesha ukali wake katika visiwa vya Galápagos vya Ekwado. Huko nzi aitwaye Philornis downsi, anayeaminika kuletwa na shughuli za binadamu, aligunduliwa ndani ya viota mwaka 1997, ingawa vielelezo vilivyokusanywa mwaka 1964 vilikuja kuthibitisha kuwa alikuwepo tangu zamani hizo. Nzi mpevu hana hatia na hula matunda na utomvu, bali funza wake wachanga huingia katika matundu ya pua ya makinda, na wanapokua hushuka chini ya kiota na kupanda usiku kunyonya damu, kiasi kwamba katika viota vingine hakuna kinda hata mmoja anayesalia. Katika nyanda za juu zenye ukungu na mvua viota kwa kawaida huwa na funza wengi kuliko katika nyanda kavu za pwani, na miaka ya mvua nyingi huwa na mzigo mkubwa kuliko miaka ya ukame. Ni jambo la kusikitisha kwamba ndege waliozoea visiwa hivyo kwa muda mrefu mno, na ambao hawakupata kuwa na kimelea kama huyu, sasa wanapungua ndani ya nyumba zao wenyewe. Sarah Knutie na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba ndege hao wakiwekewa pamba iliyotiwa dawa ya pemetrini huichukua na kuisokota ndani ya viota, na viota hivyo hubaki na funza wachache sana.

Ndege wengine huleta dawa yao wenyewe, au ndivyo inavyodhaniwa. Kwenzi wa Ulaya huingiza majani mabichi yenye harufu kali katika shimo lake. Larry Clark na Russell Mason walieleza mwaka 1985 kwamba baadhi ya mimea hiyo huzuia ukuaji wa vimelea, lakini Helga Gwinner na wenzake, walipofanya jaribio lao nchini Ujerumani, walikuta kwamba utitiri haukupungua, bali makinda waliolelewa juu ya majani hayo walikuwa wazito na wenye damu nzuri zaidi. Katika jiji la Mexico, shomoro wa mjini, ndugu wa shomoro haohao wanaoruka katika masoko ya pwani ya Afrika Mashariki, hutandika viota vyao kwa vichungi vya sigara zilizokwisha kuvutwa, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kadiri vichungi vilivyokuwa vingi ndivyo utitiri ulivyokuwa mchache. Kazi iliyofuata ikaonyesha pia kwamba seli za damu za makinda hao zilipata madhara.

Habari hiyo ya tumbaku inamrudisha msikilizaji kijijini, kwa kuwa katika kaya nyingi za Tanzania na Kenya majani ya tumbaku, majani ya mwarobaini na majivu ya jikoni huwekwa chini ya kuku anayeatamia. Majivu hufanya kazi kwa njia ya ukavu, kwani unga wake mwembamba hukwangua na kufyonza mafuta yanayoifunika ngozi ya mdudu, naye akapoteza maji na kufa. Ndiyo maana majivu yaliyolowa hayana faida, na tenga lililowekwa mahali panapovuja litajaa utitiri hata likimwagiwa majivu kila juma. Tumbaku ina sumu, na kifaranga mchanga hachagui anachodonoa, hivyo haifai kuachwa hapo baada ya mayai kuanza kuanguliwa.

Kuku wa kienyeji, akiachiwa achague, huchagua kama ndege wa mashimo: uvunguni mwa kitanda, nyuma ya magunia, ndani ya chungu kilichovunjika, penye giza na kimya, mbali na kicheche na kunguru. Uchaguzi wake ni wa busara dhidi ya wanaowinda na ni mbaya dhidi ya wanaonyonya. Sakafu ya mchanga mkavu na vumbi humlea kiroboto yule anayeganda kichwani mwa kuku, kuzunguka macho na upanga, kwa maana jike wake hushikilia ngozi bila kubanduka huku mayai yakidondoka chini, na lava hukua kwenye vumbi hilo. Tenga lililoinuliwa juu ya kichanja humpunguzia kuku balaa hiyo. Ukuta wa udongo wenye nyufa humlea papasi wa kuku, Argas persicus, wa jamii moja na yule papasi wa nyumba za udongo anayeleta homa ya papasi kwa watu. Huyu hupenda mahali pa joto na pakavu, huvumilia zaidi ya mwaka mzima bila kula, na huwaletea kuku maradhi na hata kupooza, hivyo ukavu unaoukomesha utitiri haumsumbui papasi hata kidogo, na dawa yake ni kuuziba ufa kwa udongo au saruji. Kwa sababu hiyo ushauri mmoja kwa mabanda yote haufai: mahali penye unyevu pakaushwe, mahali penye nyufa pazibwe, na penye vumbi tenga liinuliwe.

Katika maisha ya kiota iko siku moja ambayo kazi ya mtu hufaa kuliko siku nyingine zote, nayo ni ile ambayo kuku anawatoa vifaranga wake nje. Siku hiyo utitiri wote wa majuma matatu umebaki ndani ya nyasi, una njaa, na hauna mwenyeji. Nyasi hizo zichomwe siku hiyohiyo, tenga limwagiwe maji yanayochemka hadi kwenye maungio yake, kisha lianikwe mchana kutwa juu ya bati lenye jua kali, kwani utitiri haustahimili joto linalozidi nyuzi 45, na nyasi mpya zisiwekwe mpaka likauke. Kazi hiyo ifanyike kabla ya magharibi, maana usiku ukiingia utitiri utaondoka wenyewe kwenda kuwatafuta kuku walipolala.